Chumvi ya Mama Kolea

Mtaa ule una karakana nyingi. Kuna wanaotengeneza magari, kuna wanaochomelea milango, na kuna mwanamume mmoja anayetengeneza makochi. Watu wanamwita Fundi tu, ingawa mafundi pale wamejaa. Ukisema "Fundi", kila mtu anajua ni yule mnene, mcheshi, anayekaa kitako akishona vitambaa na kupigilia misumari midogo tangu asubuhi hadi jioni.

Mkewe ana mgahawa mdogo ng'ambo ya barabara. Ndani kuna meza chache, mabenchi, na jiko nyuma ya pazia. Jina lake la mtaani ni Mama Kolea. Alipewa na wateja. Walisema chakula cha mama huyu kimekolea. Mchuzi umekolea, maharage yamekolea, hata wali mtupu umekolea. Yeye alilipenda jina hilo kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Mchana ukifika, mafundi wananawa mikono yenye grisi na kuvuka barabara. Fundi ndiye huwa wa kwanza. Anakaa, anavuta sahani, halafu kabla ya kuonja anachukua chupa ya chumvi iliyo mezani na kuitikisa juu ya chakula.

"Baba watoto, onja kwanza!" mkewe humwambia.

"Chumvi haipendi kusubiri, mke wangu. Ukiichelewesha inanuna."

Wateja hucheka. Fundi hula, hunywa soda baridi, hurudi karakana na kukaa tena. Watoto wao walikuwa wamekua, kila mmoja ana kwake. Maisha yalikuwa yanakwenda vizuri.

Siku moja kituo cha afya cha mtaa kilimpa Fundi kazi. Kitanda cha kupimia wagonjwa kilikuwa kimechanika, sponji inaning'inia nje kama ulimi wa mbwa. Fundi alikirudisha kikiwa kipya, kimevikwa ngozi ya plastiki ya kijani. Muuguzi wa kituo, ambaye nyumba yake iko mtaa huo huo, akakipokea na kukizunguka.

"Kizuri," alisema. "Lakini kitakuwa imara?"

"Imara?" Fundi akavua viatu na kujilaza juu yake, mikono kifuani. "Nesi, mgonjwa akilala hapa atakataa kupona."

Muuguzi akacheka. Kisha akamtazama vile alivyolala, tumbo limesimama kama kilima.

"Lini ulipima presha mara ya mwisho?"

"Presha ya nini tena? Mimi mzima kama ng'ombe."

"Ng'ombe naye hupimwa, jirani yangu. Inuka, uje ukae hapa."

Akamkalisha kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza. Akamwambia atulie kidogo na asizungumze. Kwa Fundi, kutozungumza ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona kochi zima. Alipokwisha kutulia, muuguzi akamfunga mkanda kwenye mkono wa juu. Mkanda ukajaa upepo, ukabana, ukalegea.

Muuguzi aliangalia namba. Akasubiri, akapima tena. Akapima na mkono wa pili.

"Mia na sabini na mbili juu ya mia na nne," alisema. "Iko juu, Fundi. Inatakiwa iwe chini ya mia na arobaini juu ya tisini. Na vizuri zaidi ishuke mpaka karibu na mia na ishirini juu ya themanini."

"Labda ni kwa sababu nimebeba kitanda."

"Labda. Ndiyo maana utarudi keshokutwa nikupime tena. Kichwa kinakuuma?"

"Hapana."

"Kizunguzungu? Moyo kwenda mbio?"

"Hapana. Nakwambia mimi mzima."

"Huo ndio ubaya wake. Presha haipigi hodi. Mtu anaishi nayo miaka, anakula, anacheka, hajui kama imo naye nyumbani." Akafungua mkanda. "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa nayo?"

Fundi alianza kuvaa viatu. Alihangaika na kamba za kiatu kwa muda mrefu.

"Baba yangu," alisema mwishowe. "Alikuwa anavaa viatu aende kazini. Mdomo ukaenda upande. Mkono ukakataa kuinuka. Tangu siku ile hatukumsikia akisema neno likaeleweka, mpaka anakufa."

"Hicho ni kiharusi. Pole sana. Alikuwa na umri gani?"

"Umri huu nilio nao."

Keshokutwa alirudi, na presha ilikuwa pale pale. Daktari akamwandikia vidonge vya kumeza kila siku. Akamwambia apunguze chumvi, apunguze mafuta na soda, apunguze mwili, atembee, na arudi kupimwa. Alisema mengi, lakini foleni ilikuwa ndefu, na Fundi alitoka na neno moja tu kichwani. Chumvi.

Alisimama nje ya kituo akitazama barabara. Angemwambiaje Mama Kolea? Mwanamke huyu anaamka alfajiri kumpikia. Anasifiwa mtaa mzima kwa sababu ya mkono wake. Leo amwambie kwamba mkono huo huo ndio umemletea maradhi? Na tena, akimwambia habari za presha, ataanza kumtazama kama mtu wa kufa.

"Nitajitibu mwenyewe," akasema moyoni. "Atajua nikishapona."

Wiki ile Fundi aliacha kuvuka barabara mchana.

Siku ya kwanza alisema kazi imembana. Siku ya pili alisema tumbo limejaa. Baada ya hapo alikuwa hata sababu hatoi, anafunga tu mlango wa karakana wakati wa chakula. Jioni nyumbani alidonoa kama kuku, akasukuma sahani.

"Chakula kibaya?" mkewe aliuliza.

"Kizuri, mke wangu. Nimeshiba tu."

Ameshiba? Amekula wapi? Mama Kolea alikuwa akimwekea sahani yake na kuifunika, na jioni anaifunua ikiwa vile vile, mchuzi umeganda juu. Hakuna kitu kinachomuuma mpishi kama sahani inayorudi kama ilivyokwenda.

Dada yake Fundi, ambaye huuza mitumba jirani na mgahawa, aliiona sahani ile. Huyu ni mwanamke mwembamba mwenye maneno manene.

"Wifi," alisema, akivuta benchi, "mimi ni damu yake, lakini ukweli nitakwambia. Mwanamume akikataa sahani ya nyumbani, kuna sahani nyingine mahali."

"Kaka yako hana tabia hiyo."

"Lisemwalo lipo. Kama halipo, liko njiani linakuja. Na amepunguza hata soda. Mwanamume akianza kujipunguza tumbo uzeeni, anampunguzia nani?"

Mama Kolea aliendelea kumenya vitunguu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake vitunguu vilimliza.

Kesho yake mchana aliacha mwiko ndani ya chungu, akajifunga kanga vizuri, akavuka barabara. Mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa. Ndani palikuwa kimya. Akausukuma taratibu. Pale palikuwa na kochi kubwa limegeuzwa miguu juu, na nyuma yake akasikia mtu anatafuna.

Akazunguka.

Mumewe alikuwa amekaa sakafuni peke yake, mgongo kwenye ukuta, bakuli mapajani. Ndani ya bakuli kulikuwa na viazi vya kuchemsha. Viazi vitupu, vyeupe, havina hata kitunguu. Alikuwa anavitafuna amefumba macho, kama mtoto anayemezeshwa dawa chungu.

"Baba watoto!"

Fundi akapaliwa. Mkewe akampiga mgongoni mpaka kiazi kikashuka.

"Mwanamke yuko wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Anayekupikia viazi hivi! Maana kama ni huyu ndiye uliyemkimbilia, basi hata kupika hajui!"

Fundi alicheka. Alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Mama Kolea akaogopa. Akakaa chini pale pale, juu ya mabaki ya sponji, akamshika mkono.

"Niambie."

Akamwambia yote. Kitanda cha kijani, mkanda, namba, vidonge alivyovificha kwenye kopo la misumari. Akamwambia na habari za baba yake, na kwamba kila asubuhi akivaa viatu anaujaribu mdomo wake kwenye kioo aone kama umenyooka.

Mama Kolea alimsikiliza mpaka mwisho. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo miaka yote hii, mimi ndiye ninayekuua."

"Sikusema hivyo. Ndiyo maana sikutaka kukwambia."

"Bora ungesema. Mimi nilikuwa nasikia uchungu wa mwanamke ambaye hayupo, kumbe wa kumwonea uchungu yuko hapa anakula viazi gizani." Akachukua bakuli, akaonja kimoja, akakunja uso. "Haya, inuka. Tunakwenda kwa huyo nesi. Mimi nina maswali yangu."

Nje walimkuta dada mtu amesimama, sikio lake likiwa karibu na mlango.

"Nilikuwa napita," alisema. Kisha akamgeukia Mama Kolea. "Kumbe ni chumvi! Wifi, umemlisha kaka yangu chumvi mpaka umempa maradhi ya baba!"

"Dada!" Fundi alifoka.

"Mwache," Mama Kolea alisema. "Naye aje. Akasikie kwa masikio yake badala ya kusikia kwa mlango."

Muuguzi aliwapokea wote watatu. Aliwakalisha, akampa Mama Kolea nafasi ya kusema kwanza, kwa kuwa aliona ndiye mwenye mzigo.

"Nesi, niambie ukweli. Ni mimi?"

"Mama Kolea, kama ingekuwa ni mtu mmoja, kazi yangu ingekuwa rahisi. Ningemfukuza huyo mtu nikapumzika. Sikiliza. Moyo ni kama pampu ya maji, mishipa ni mabomba. Chumvi ikizidi mwilini inavuta maji, maji yakiwa mengi bomba linajaa, na pampu inasukuma kwa nguvu zaidi. Bomba likisukumwa hivyo miaka na miaka, linachoka. Likipasuka au kuziba kwenye ubongo, ndiyo kile kiharusi. Moyo nao unachoka. Figo zinaharibika. Hata macho."

"Kwa hiyo ni chumvi."

"Chumvi ni mmoja wao. Fundi, unakaa kutwa nzima au unatembea?"

"Kazi yangu ya kukaa, Nesi. Hata nikitengeneza kochi, nalikalia kulijaribu."

"Haya. Soda?"

"Mbili. Tatu kukiwa na joto."

"Matunda?"

Fundi alimtazama mkewe amsaidie. Mkewe akatazama dari.

"Umeona, mama? Kukaa kupo, mwili umezidi, sukari ipo, matunda na mboga havipo. Na presha inatembea kwenye ukoo, tangu kwa baba. Ukoo hatuwezi kuubadilisha. Hayo mengine yote tunaweza. Na chumvi ile ya mezani nani huimwaga?"

"Mimi mwenyewe," Fundi alisema.

"Kabla ya kuonja," mkewe akaongeza.

Muuguzi akatoa kijiko cha chai kwenye droo. "Mtu mzima, kwa siku nzima, chumvi yake isifike kijiko hiki kikijaa mpaka ukingoni. Pamoja na ile iliyojificha."

"Imejificha wapi?"

"Kwenye mkate. Kwenye nyama na samaki wa kopo, soseji, viazi vya pakiti. Na kwenye vile vidonge vya kukoleza mchuzi. Unavitumia?"

"Natumia," Mama Kolea alisema polepole. "Halafu natia na chumvi. Halafu nikionja naongeza, kwa sababu ya jina."

Alikitazama kijiko kile. Kisha akainua kichwa ghafla.

"Nesi! Na wale wengine? Wale mafundi wanaokula kwangu kila siku?"

"Hilo nilikuwa nalingoja ulitaje mwenyewe."

"Nikipunguza watanikimbia."

"Usipunguze kwa siku moja. Ulimi ni kama mtoto anayeachishwa ziwa, ukimkatisha ghafla atalia usiku kucha. Leo toa kidogo, wiki ijayo toa kidogo tena. Baada ya wiki kadhaa ulimi unazoea, na chakula cha zamani utakiona kama maji ya bahari. Wewe mpishi. Una limau, una tangawizi, kitunguu saumu, nyanya zilizoiva, pilipili. Vyote hivyo vinaleta ladha."

Dada mtu alikuwa akitikisa kichwa muda wote. "Umesikia, wifi? Ungejua hayo mapema…"

"Na wewe?" muuguzi akamgeukia. "Baba ni mmoja. Umewahi kupima?"

"Mimi? Nesi, niangalie. Mwembamba kama uzi. Presha ni ya wanene."

"Nani kasema? Hata uzi hukatika. Leta mkono."

Akaleta, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama. Akakalishwa, akanyamazishwa, mkanda ukabana. Muuguzi akapima mara mbili.

"Mia na hamsini na moja juu ya tisini na sita. Nawe utarudi keshokutwa."

Dada mtu aliushika mkono wake kama vile umevunjika. Walipotoka nje alimvuta Mama Kolea kando.

"Wifi."

"Naam."

"Ulimi wangu haukuwa na adabu."

"Ulimi wote wa ukoo wenu haujui kuonja kabla ya kumwaga," Mama Kolea alisema. Wakatazamana, wakacheka, wakashikana mikono kuvuka barabara.

Basi kazi ikaanza.

Mama Kolea aliondoa chupa za chumvi mezani. Aliweka vipande vya limau kwenye kisahani. Vidonge vya mchuzi aliviacha kabisa, akawa anachemsha mifupa na vitunguu na nyanya mpaka mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Mafuta akaanza kupima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Kila sahani ikapata mboga za majani na kipande cha papai au chungwa. Chumvi akaipunguza vile alivyoambiwa, kidogo kidogo.

Hata hivyo watu waligundua. Wa kwanza alikuwa fundi wa magari wanayemwita Injini, kwa sababu ya sauti yake.

"Mama Kolea! Leo mapenzi yamepungua?"

"Mapenzi yapo. Chumvi ndiyo imepungua."

"Sasa tukuiteje? Mama Pungua?"

Benchi zima likacheka. Mama Kolea naye alicheka, lakini aliingia nyuma ya pazia haraka. Siku zilizofuata baadhi ya wateja walihamia kwa mpishi wa kona ya pili. Vyungu vilirudi nyumbani na chakula nusu. Jioni moja alikaa mbele ya chungu, pakiti ya chumvi mkononi, bila kuifungua wala kuirudisha.

Fundi akamkuta hivyo.

"Mke wangu, warudishie watu chumvi yao. Mimi nitakula vyangu pembeni. Nimeshazoea nyuma ya kochi."

"Nyamaza," mkewe alisema. "Nimewalisha wale watu miaka. Injini ana watoto wadogo. Nikijua ninachokijua, halafu nimtilie, nitamtazamaje usoni?" Akaiweka pakiti chini. "Mimi ni mpishi au siyo? Ngoja."

Kesho yake alipika samaki kwa njia aliyoifikiria mwenyewe. Aliwaloweka kwenye limau, tangawizi na kitunguu saumu tangu asubuhi, akawachoma bila kuwakaanga, akawamwagia mchuzi wa nyanya na pilipili hoho. Harufu ilivuka barabara. Injini, aliyekuwa anaelekea kona ya pili, alisimama katikati ya njia. Akageuka. Akaingia, akakaa, akala bila kusema kitu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alipomaliza alifuta sahani kwa mkate.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Sikuweka. Nimetoa."

Wiki ile mabenchi yalijaa tena. Jina halikubadilika. Chakula kilikuwa bado kimekolea, ila kimekolea vingine.

Fundi naye alijitahidi. Soda ikawa ya siku moja moja, maji ndiyo yakawa kinywaji chake. Kila baada ya kumaliza kushona upande mmoja wa kochi, alisimama, akatoka nje, akatembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Jioni yeye na mkewe waliacha kupanda gari, wakawa wanakwenda nyumbani kwa miguu. Mwanzoni alihema kama mvukuto. Baadaye akaweza kutembea na kusimulia hadithi kwa wakati mmoja. Mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya, akalitoboa mwenyewe kwa msumari wa kochi na kuonyesha mtaa mzima.

Alijiona mzima kabisa. Kwa hiyo vidonge vilipokwisha, hakwenda kuchukua vingine.

"Vya nini tena?" aliwaza. "Tumbo limeshuka, chumvi imeshuka. Dawa ni ya mgonjwa."

Mama Kolea ndiye aliyeliona kopo la misumari. Ndani yake kulikuwa na misumari tu.

"Baba watoto, vidonge viko wapi?"

"Nimepona, mke wangu."

"Nani kakupima?"

Mkewe hakugombana naye. Alimshika kiwiko tu, wakaenda. Na kipimo kilipotoa namba, Fundi alizisoma mwenyewe, maana sasa alizijua. Mia na sitini na tano juu ya mia. Akainamisha kichwa.

"Nimefanya yote," alisema kwa uchungu. "Nimetembea. Nimekula majani kama mbuzi. Na bado?"

"Na yamekusaidia sana," muuguzi alisema. "Mwili umepungua, umepata pumzi. Lakini Fundi, nikuulize jambo la kazi yako. Ukishamaliza kochi, likawa zuri, limekaa sawa, unang'oa misumari?"

"Nani mwendawazimu wa kung'oa misumari? Kochi si litafumuka!"

Akamtazama mkewe. Mkewe akatabasamu.

"Basi vidonge ndiyo misumari," muuguzi alisema. "Presha ikikaa sawa, maana yake dawa inafanya kazi pamoja na chakula na kutembea. Usiache mpaka daktari aseme. Siku moja anaweza kukupunguzia, lakini aamue yeye kwa kipimo, wewe usiamue kwa kujisikia. Kikikusumbua kidonge, njoo useme, tutakubadilishia."

Tangu siku ile Fundi hakukosa kidonge. Alimeza kila asubuhi na chai yake, na Mama Kolea hakuhitaji kumkumbusha, ingawa alimkumbusha hivyo hivyo.

Miezi ikapita. Dada mtu alipimwa mara kadhaa. Naye alikuwa na presha kweli, lakini iligunduliwa mapema. Alianza dawa, akaacha viazi vya pakiti alivyokuwa akitafuna dukani, na akawa ndiye mtangazaji mkubwa wa mambo haya pale mtaani. Mteja akija kununua koti, hatoki kabla ya kuulizwa kama amepima presha. Muuguzi naye aliombwa aje mgahawani mchana mmoja na kipimo chake. Mafundi walipimwa mmoja mmoja, wakitaniana. Injini alikutwa salama, akanguruma kwa furaha, kisha akaambiwa apunguze sigara, akanyamaza.

Ikafika siku ya Fundi kurudi kwa daktari. Mkewe alifunga mgahawa mapema akafuatana naye.

Fundi akakaa, mgongo umeegemea, miguu chini. Safari hii kunyamaza hakukumpa shida, maana hofu ilikuwa imemziba mdomo. Mkanda ukajaa, ukabana, ukalegea. Muuguzi akaandika. Akasubiri, akapima tena.

"Ngapi?" Mama Kolea aliuliza. "Nesi, usitutese."

"Mia na ishirini na sita juu ya themanini na moja."

Fundi aliendelea kukaa. Ni kama hakusikia.

"Baba watoto, umesikia?"

"Nimesikia." Alijipangusa uso kwa kiganja, mara moja, mara mbili. "Nesi, naomba unitajie tena."

Muuguzi akamtajia tena, taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake barua njema. Daktari akaingia, akatazama, akasema vizuri sana, endelea hivyo hivyo, dawa usiache, tutaonana.

Walitoka nje. Jua lilikuwa limepoa, na barabara ya kwenda kwao ilikuwa na mlima mmoja mkali. Walianza kuupanda. Mama Kolea alikuwa na kikapu cha machungwa, na maneno mengi ya kusema. Alizungumzia samaki wa kesho, benchi lililovunjika mguu, wifi yake na makoti yake. Katikati ya mlima akagundua kwamba anazungumza peke yake. Mumewe alikuwa amefika mbele, karibu na kileleni, anatembea kwa hatua ndefu, mikono inapepea.

"Wewe!" aliita akihema. "Baba watoto! Nisubiri!"

Fundi akageuka. Akamwona mkewe chini kule, mkono mmoja kiunoni, kikapu kimeinamia upande. Akashuka, akakipokea kikapu, akamenya chungwa moja na kumpa nusu.

"Pumzika kwanza, mke wangu," alisema. "Hatuna haraka. Muda tunao."